Saketi ya Kutambua Kama Mota Inafanya Kazi, Iliyotenganishwa na Umeme wa 230 V: Mwongozo Kamili

Kidhibiti kinatoa amri, rilei inavuta, taa ya kijani inawaka kwenye boksi, na bado tangi la juu halipati maji. Programu inaamini pampu inafanya kazi kwa sababu moja tu: yenyewe ndiyo iliyoiamuru. Dawa yake ni saketi ndogo inayoitazama mota yenyewe na kurudisha jibu kwa mikrokontrola, bila umeme wa 230 V kupata njia ya kufika kwenye mikrokontrola hiyo wala kwenye mikono ya anayeigusa.

Mfano tutakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni pampu ya maji ya fezi moja, 0.75 kW (nguvu ya farasi moja), 230 V, 50 Hz, inayowashwa kwa kontakta (rilei kubwa ya kuwashia mota) na kudhibitiwa na mikrokontrola ya ESP32. Mota ya aina hii huvuta takriban 5 A ikiwa na mzigo kamili. Soma kibati cha mota yako, kisha urudie hesabu kwa namba zako.

Kwanza amua unauliza swali gani

Kuna maswali matatu ambayo mafundi wengi huyachanganya. Je, umeme umefika kwenye mota? Je, mkondo unapita ndani ya mota? Je, shafti inazunguka?

Optokapla, yaani kifaa kinachopitisha signali kwa mwanga bila pande zake mbili kuungana kwa waya, ikiunganishwa kwenye vituo vya mota hujibu swali la kwanza tu. Waya wa mota ukikatika, au swichi ya joto iliyo ndani ya mota ikifunguka, optokapla itaendelea kusema "ndiyo". CT, yaani transfoma ndogo ya kupimia mkondo, hujibu swali la pili, na kwa pampu nyingi jibu hilo linatosha kabisa. Swali la tatu linahitaji kihisi cha mzunguko kwenye shafti.

Pendekezo letu ni CT iwe msingi. Sababu ya kwanza ni kwamba mkondo una habari nyingi kuliko volti: ukiwa sifuri mota imekufa, ukiwa wa kawaida inafanya kazi, ukiwa mara nne hadi sita ya kawaida kwa sekunde kadhaa rota imekwama au kapasita imekufa. Sababu ya pili ni usalama. CT inaubana waya wa mota ukiwa na ganda lake, kwa hiyo bodi unayoilehemu haina 230 V mahali popote. Kwa anayejenga kwa mkono kwenye bodi ya matundu, hiyo ni tofauti kubwa sana.

Vifaa

- CT ya kufunguka, SCT-013-000 (100 A kwa 50 mA, uwiano 2000:1). Hakikisha ni ile inayotoa mkondo. Ndugu zake wanaotoa 1 V wana rezista ndani tayari, na hesabu za hapa haziwahusu.
- LM358 moja (IC ya kukuza signali), LM393 moja (IC ya kilinganishi, inayolinganisha volti mbili), PC817 mbili (optokapla).
- Dayodi BAT85 moja na 1N4148 moja, zena za 5.1 V mbili.
- Rezista: 220 Ω, 100 Ω, 820 Ω mbili, 4.7 kΩ mbili, 10 kΩ nne, 15 kΩ mbili, 100 kΩ, 220 kΩ mbili.
- Rezista za kurekebisha kwa bisibisi: 20 kΩ moja na 10 kΩ moja.
- Kapasita: 10 µF 16 V, 10 nF, 100 nF mbili.
- Chanzo cha 5 V chenye transfoma ndani, kama HLK-PM01, kikiwa nje ya bodi hii kwa sababu miguu yake ya kuingilia ina 230 V.

Kuhusu chanzo cha umeme: kuna saketi za bei rahisi zinazoshusha 230 V kwa kutumia kapasita peke yake, bila transfoma. Usizitumie hapa. Zinatoa 5 V kwa mita, lakini 5 V hizo zimeungana moja kwa moja na waya za mtambo, na utenganisho wote unaojenga utakuwa bure.

Kutoka mkondo hadi volti

Kwa uwiano wa 2000:1, ampea 5 za mota zinakuwa 2.5 mA upande wa pili wa CT. Mkondo huo ukipita kwenye rezista ya 220 Ω unatoa 0.55 V, ambayo kileleni mwa wimbi ni 0.78 V. Rezista hii ni ya lazima na isibanduke kamwe. CT iliyoachwa wazi huku mota ikivuta mkondo hujaribu kuusukuma mkondo wake kwa nguvu, na volti zake hupanda hadi kuchoma vifaa na kumshtua mtu. SCT-013-000 ina kinga ndani yake, ila CT nyingine nyingi hazina. Ndiyo sababu tunafunga zena mbili za 5.1 V, zikiwa zimepeana migongo, sambamba na rezista hiyo.

Mguu mmoja wa CT unakwenda ardhi ya bodi (0 V). Mguu wa pili unapita kwenye 10 kΩ hadi pini 3 ya LM358. Kati ya pini 3 na 0 V weka vitu viwili: kapasita ya 10 nF ya kuzuia kelele za kontakta, na BAT85 yenye anodi kwenye 0 V na kathodi kwenye pini 3. LM358 haivumilii zaidi ya takriban 0.3 V chini ya ardhi yake, na nusu hasi ya wimbi inashuka zaidi ya hapo. BAT85 inaizuia. Ukiweka 1N4148 mahali pake volti itashuka hadi 0.6 V chini ya sifuri, na jibu la LM358 linaweza kugeuka kinyume.

Sasa kipimo cha kilele. Kutoka pini 1 ya LM358, pitia 100 Ω, kisha 1N4148 (anodi upande wa rezista). Kwenye kathodi weka 10 µF kwenda 0 V. Kathodi hiyo hiyo unganisha na 15 kΩ hadi pini 2, na kutoka pini 2 weka 15 kΩ nyingine kwenda 0 V. Kwa kuwa dayodi iko ndani ya mzunguko wa marejesho, upotevu wake wa 0.6 V unafutwa, na signali inakuzwa mara mbili. Kila ampea ya mota inakuwa 0.31 V kwenye kapasita, hivyo 5 A ni 1.56 V.

Rezista mbili za 15 kΩ pia ndizo zinazomwaga kapasita: 30 kΩ mara 10 µF ni sekunde 0.3. Kati ya kilele na kilele kuna milisekunde 20, na katika muda huo volti inashuka kwa karibu asilimia 6.5. Kumbuka namba hiyo, itatuhusu tukifika kwenye kilinganishi. Mota ikizimwa, jibu hubadilika baada ya sekunde 0.4 hadi 0.6. Ukipunguza kapasita hadi 1 µF ili upate haraka zaidi, mawimbi yatakuwa makubwa kiasi cha kufanya jibu liruke-ruke, na mwendo huo pampu ya maji haiuhitaji.

LM358 yenye chanzo cha 5 V haifiki 5 V kwenye kutoa. Inaishia karibu 3.5 V, na ukiondoa upotevu wa dayodi unabaki na kama 2.8 V. Maana yake saketi hii inapima vizuri hadi karibu 9 A, na juu ya hapo inasema "nyingi" tu. Kwa kazi yetu inatosha. Nusu ya pili ya LM358 usiiache ikielea: unganisha pini 6 na 7 pamoja, pini 5 kwenye 0 V. Na 100 nF iwe karibu kabisa na pini ya umeme ya kila IC.

Kilinganishi chenye pengo

Tunataka kizingiti kilicho chini sana ya mkondo wa kawaida na juu sana ya kelele. Takriban thuluthi ya mkondo kamili ni mahali pazuri kwa pampu. Volti ya kapasita inakwenda pini 2 ya LM393. Pini 3 inapata 100 kΩ kutoka 5 V, rezista ya kurekebisha ya 20 kΩ kwenda 0 V (ianze kwenye 9.1 kΩ), na 220 kΩ kutoka pini 1.

Hiyo 220 kΩ ndiyo inayoleta pengo. Mota ikiwa imesimama, kizingiti ni 0.58 V, sawa na 1.9 A. Ikishaanza, kizingiti kinashuka hadi 0.41 V, sawa na 1.3 A. Pengo ni 0.17 V, wakati mawimbi kwenye kapasita kwa kiwango hicho ni karibu 0.04 V. Ukiiacha 220 kΩ nje, saketi itafanya kazi mezani na kusumbua kwenye boksi: mkondo ukikaribia kizingiti, jibu litaruka mara 50 kwa sekunde.

Pini 1 ya LM393 inaweza kuvuta chini tu, haisukumi juu. Weka 4.7 kΩ kati yake na 5 V. Wengi huiacha wakidhani LED ya optokapla itafanya kazi hiyo, lakini LED inaacha kusukuma ikifika kama volti moja chini ya 5 V, na kizingiti chako kinahama.

Nusu ya pili ya LM393 itumie kugundua mkondo uliozidi. Volti ya kapasita iende pini 6 pia. Rezista ya kurekebisha ya 10 kΩ iwe kati ya 5 V na 0 V, mguu wake wa kati upitie 10 kΩ hadi pini 5, na 220 kΩ iunganishe pini 7 na pini 5. Pini 7 nayo inataka 4.7 kΩ yake kwenda 5 V. Bila mkondo wowote kwenye CT, pima pini 5 yenyewe na uirekebishe hadi 2.2 V, yaani karibu 7 A.

Kuvuka kwenda mikrokontrola

CT imeshatenganisha 230 V na bodi, kwa hiyo optokapla hapa ina kazi nyingine: kutenganisha ardhi ya bodi ya kuhisi na ardhi ya kidhibiti, hasa kama kidhibiti kiko mita nyingi kutoka kwenye boksi la kontakta au kinatumia chanzo kingine. Pia inahamisha signali kutoka 5 V hadi 3.3 V bila hesabu ya ziada. Kama kila kitu kiko kwenye boksi moja na chanzo kimoja, unaweza kuiacha na kuvuta pini ya LM393 kwenda 3.3 V badala ya 5 V, ila vizingiti vitabadilika kidogo na itabidi uvirekebishe.

Kutoka 5 V, 820 Ω hadi pini 1 ya PC817, na pini 2 kwenye pini 1 ya LM393. LED inapata karibu 4.4 mA. Upande wa pili, pini 3 iende ardhi ya ESP32, na pini 4 ipate 10 kΩ kwenda 3.3 V na waya kwenda pini ya kusomea. Transista inahitaji kuvuta 0.33 mA tu, hivyo hata PC817 iliyozeeka itaweza. Pini 34 hadi 39 za ESP32 hazina rezista ya ndani ya kuvuta juu, kwa hiyo usiiruke hiyo 10 kΩ. PC817 ya pili iunganishwe vivyo hivyo kwenye pini 7 ya LM393.

Pini ya kusomea ikiwa chini, mota inafanya kazi. Ikiwa juu, imesimama, au waya umekatika, au bodi haina umeme. Kwa pampu huo ndio upande sahihi wa kukosea. Kwa mashine inayoweza kumkata mtu mkono sivyo: saketi hii isitumike kamwe kumwambia mtu kuwa ni salama kufungua kava.

Jaribu kabla ya kugusa mota

Chukua waya wa kuongezea umeme, toa ganda la nje kwa urefu wa sentimita 20 ili waya za ndani zitengane, lakini usiguse maganda ya waya zenyewe. Chomoa kwanza, bana CT kwenye waya mmoja, kisha chomeka.

Bila mzigo, volti ya kapasita iwe chini ya 0.05 V. Chomeka pasi ya 1000 W: inavuta 4.35 A, na utegemee karibu 1.35 V. Kama huna pasi, balbu ya nyuzi ya 100 W na waya uliozungushwa mara 10 kupitia tundu la CT hutoa matokeo yale yale, kwa sababu CT huhesabu kila mzunguko. Birika la 2000 W linavuta 8.7 A na linapaswa kuamsha kilinganishi cha pili. Volti ya umeme wa nyumbani hupanda na kushuka, kwa hiyo tofauti ya asilimia 10 isikushughulishe.

Ukipata sifuri, mara nyingi umebana waya mbili pamoja. Mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, na CT haioni kitu. Hili ndilo kosa linaloongoza. Ukipata namba ndogo kuliko hesabu, fungua CT na ufute nyuso za chuma mahali zinapokutana: vumbi au lehemu kidogo ikizuia zisikutane sawasawa, usomaji unashuka sana.

Kufunga kwenye boksi

Zima breka, ifunge isiwashwe na mtu mwingine, na uthibitishe kwa testa kuwa hakuna umeme. CT ibanwe kwenye waya wa moto wa mota, baada ya kontakta. Ukiibana kabla ya mahali ambapo koili ya kontakta na taa vinachukua umeme, utapima na mikondo yao pia. Waya wa CT uende kwa kusokotwa, mbali na waya za mota. Kwenye koili ya kontakta weka 100 Ω na kapasita ya 0.1 µF ya daraja X2 zikiwa mfululizo, kwa sababu koili ikikatwa hutoa mdundo wa volti unaoweza kuamsha pini ya ESP32.

Kisha washa mota na upime mkondo halisi kwa mita ya kubana. Pima pampu ikivuta maji, na kwa sekunde chache valvu ya kutoa ikiwa imefungwa. Mota za fezi moja zenye kapasita huvuta mkondo mkubwa hata bila mzigo, mara nyingi zaidi ya nusu ya ule wa kawaida. Kwa hiyo usikilazimishe kilinganishi cha kwanza kugundua kisima kilichokauka, pengo lake ni pana mno kwa kazi hiyo. Ukitaka hilo, soma volti ya kapasita moja kwa moja kwa pini ya analogi, mradi bodi na ESP32 vinatumia chanzo kimoja, au weka swichi ya mtiririko wa maji.

Kwa mota ndogo ya 0.37 kW, pitisha waya mara mbili kwenye tundu la CT. Vizingiti vyote vitashuka nusu kwa ampea bila kubadilisha rezista hata moja.

Programu

Soma pini kila milisekunde 20, na ukubali mabadiliko yakidumu milisekunde 500. Baada ya amri ya kuwasha, subiri sekunde 3. Pampu isiyo na hitilafu huanza chini ya sekunde moja, na mkondo wa kuanzia utaamsha kilinganishi cha pili kwa muda huo mfupi. Kama baada ya sekunde 3 bado kiko hai, zima. Mota inayovuma bila kuzunguka kwa kawaida ina kapasita iliyokufa au impela iliyokwama, na koili zake zinaungua kadiri unavyongoja. Usiiruhusu programu ijaribu tena yenyewe bila kikomo. Mara mbili zinatosha, zikiachana dakika kadhaa.

Ukiongeza na kipimo cha volti

Kipimo cha volti kikikaa pamoja na CT, utaweza kujua tatizo liko wapi bila kufungua boksi. Amri ipo, volti ipo, mkondo hakuna: tafuta waya uliokatika au swichi ya joto ya mota. Amri ipo, volti hakuna: koili ya kontakta, breka au kinga ya overlodi. Amri imeondolewa lakini volti na mkondo vipo: mikono ya kontakta imegandana, na hiyo ni dharura.

Tumia PC814, ambayo ina LED mbili zinazoelekea kinyume na hivyo hupokea umeme wa AC. Weka 47 kΩ ya 1 W upande wa moto na nyingine upande wa nyutro. Jumla ni 94 kΩ, mkondo ni karibu 2.4 mA, na kila rezista inapoteza 0.28 W. Wati 1 tumeichagua kwa sababu rezista za robo wati hazijatengenezwa kuhimili vilele vya 325 V na midundo iliyo juu yake. Upande wa pili weka 22 kΩ kwenda 3.3 V na 4.7 µF kati ya pini za transista, ili kuziba mapengo wimbi linapopita sifuri.

Hapa 230 V imeingia kwenye bodi, na kanuni zinabadilika. Acha angalau milimita 6, na 8 ni bora, kati ya shaba ya upande wa hatari na ya upande salama. Usipitishe chochote chini ya optokapla. Kata mwanya chini yake, kwa sababu vumbi na unyevu hujenga njia juu ya bodi, na kwenye chumba cha pampu unyevu haukosekani. Bodi ya matundu yenye mistari ya shaba haifai kwa sehemu hii.

Kipimo hiki kina udhaifu mmoja wa kukumbuka. Kama mota inawashwa kwa rilei ya kielektroniki badala ya kontakta, kapasita ya 0.1 µF iliyo sambamba nayo hupitisha hadi 7 mA hata ikiwa imezimwa. Swichi ya joto ya mota ikifunguka, njia pekee iliyobaki kwa mkondo huo ni optokapla, nayo inasema umeme upo.

Fezi tatu na viendeshi vya kasi

Kwa mota ya fezi tatu CT moja haitoshi. Fezi moja ikikatika, mota inaweza kuendelea kuzunguka huku mkondo wa fezi mbili zilizobaki ukipanda hadi karibu mara 1.7. CT yako ikiwa kwenye fezi iliyokatika, itasema mota imesimama wakati inaungua. Weka CT tatu na saketi tatu za kilele, kisha programu ilinganishe: fezi moja ikiwa sifuri na nyingine zina mkondo, zima papo hapo. Kwa mota ya nyota-delta, CT ziwe kwenye laini kuu kabla ya kontakta zote tatu, la sivyo utapima mkondo wa koili badala ya wa laini.

Mota ikiendeshwa na kiendeshi cha kubadilisha kasi, usiibane CT upande wa kutoka. Masafa yakishuka hadi hertzi chache, CT ya 50 Hz inapoteza uwezo wake. Viendeshi vingi vina rilei yao ya kutoa taarifa kuwa vinaendesha. Itumie hiyo kupitia PC817.

Na pale mkanda au kaplingi inapoweza kukatika mota ikaendelea kuzunguka peke yake, weka kihisi cha kutambua chuma cha 24 V, aina ya NPN (kinachovuta waya wake wa kutoa kwenda 0 V), mbele ya bolti iliyo kwenye shafti inayoendeshwa, upande wa pili wa kaplingi. Kutoka 24 V, 2.2 kΩ hadi pini 1 ya PC817, na pini 2 kwenye waya wa kutoa wa kihisi: LED inapata karibu 10 mA. Shafti ya mizunguko 2850 kwa dakika hutoa mapigo 47 kwa sekunde. Programu ihesabu mapigo kwa sekunde nzima badala ya kuangalia kama pini iko juu au chini, kwa sababu shafti inaweza kusimama bolti ikiwa mbele kabisa ya kihisi.